Mbwa Tisa wa Kijani

Mkono wa Sindano ulikuwa umeshika pazia la Kinyozi, na nyuma ya pazia sauti ya mkewe ilikuwa ikisema, "Vumilia kidogo tu, namaliza sasa hivi." Hapo ndipo tulipomwacha juma lililopita. Tangu siku hiyo nimepata barua za kila namna. Wengine mnataka aingie na rungu, wengine mnataka aondoke na heshima yake. Mimi simo. Sindano naye hakumsikiliza yeyote, alilivuta pazia mpaka pete zake zikalia.

"Kumbe!" akasema.

Alikuwa ameandaa maneno makubwa njia nzima, lakini lililotoka ni hilo moja.

Kinyozi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kunyolea, mguu mmoja wa suruali umekunjwa hadi gotini. Mke wa Sindano amepiga magoti sakafuni, mguu wa Kinyozi umelala mapajani pake, naye anaufunga kitambaa. Pembeni kulikuwa na mkasi, sabuni na beseni la maji yaliyoingia wekundu kidogo. Basi, hakukuwa na jingine.

Mtu mwenye akili zake angemshukuru Mungu na kuomba radhi. Lakini wivu hauna shukrani. Sindano alikikazia macho kile kitambaa, akakitambua. Ulikuwa mtandio wa maua ya zambarau aliomnunulia mkewe kwa mkono wake, umechanwa katikati.

"Mtandio wangu umekuwa bendeji?"

"Mtandio wangu," mkewe akamjibu bila kuinua uso. "Au ulinipa kwa kuazima?"

"Karibu ndani, kaka," Kinyozi akasema, ananukia manukato kama kawaida yake. "Usisimame mlangoni kama askari. Ni mbwa wenu huyu, amenipiga busu."

"Mbwa wetu yupi?"

"Si nyinyi watu wa chanjo? Amenishika hapa kwenye shavu la mguu. Lakini usiwe na wasiwasi, ana alama ya kijani mgongoni, nimeiona kwa macho yangu. Angekuwa hana rangi, siku ile ile ningekimbilia kliniki. Ila kazi yako naiamini."

Sindano akaliachia pazia.

"Wa wapi?"

"Kichochoro cha nyuma ya soko, kwenye meza za nyama. Mwekundu hivi, sikio moja limekatika."

"Lini?"

"Leo siku ya nne."

Mkewe akakaza fundo kwa nguvu hadi Kinyozi akaguna. "Leo nimemwambia aende kliniki," akasema. "Hataki. Mwambie wewe, labda atakusikia. Wewe ndiye mwenye rangi."

Akainua uso, akamtazama mumewe moja kwa moja. Sindano akayakwepa macho yake.

"Pole," akasema, akatoka nje.

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, nikueleze kwa ufupi kwa nini mtu mzima alikimbia jeraha la mwenzake. Sindano ni mchanjaji wa mbwa. Mji wao umejaa mbwa wasio na wenyewe, na miaka minne iliyopita, msimu wa mvua, kichaa cha mbwa kiliua watu wanne. Ndipo Daktari wa mifugo akatuma vikosi mitaani, kila kikosi watu wawili. Mmoja hushika mbwa kwa wavu, mwingine humchoma, kisha humpulizia rangi ya kijani mgongoni kutoka kwenye mkebe ili asikamatwe mara mbili. Kanuni ya kwanza waliyofundishwa ilikuwa sindano itangulie, rangi ifuate. Gari la matangazo likapita mtaa kwa mtaa likiwaambia watu kwamba mbwa wa kijani ameshachanjwa, wasimpige wala wasimwogope.

Sasa, Alhamisi ya wiki mbili zilizopita, mwenzake Sindano, yule tunayemwita Wavu, aliteguka mguu akarudi nyumbani. Sindano akabaki peke yake nyuma ya soko na mbwa tisa waliolala chini ya meza za nyama, wameshiba mifupa. Ilikuwa inakaribia saa tisa alasiri. Na saa tisa ndiyo saa ambayo mkewe, fundi wa cherehani, huvuka mlango wa mbao kutoka chumba chake cha kushonea na kuingia kwa Kinyozi kupiga pasi, maana upande wake hauna umeme. Kila jioni nguo zake zilirudi zikinuka manukato ya mwanaume. Mwenye wivu akinusa hivyo, halali tena.

Sindano alitazama mbwa. Akatazama saa. Akachukua mkebe akawapulizia wote tisa pale pale walipolala, mmoja baada ya mwingine, hata hawakufumbua macho. Dawa akaimwaga mtaroni, akaandika "tisa" kwenye fomu, akakimbia kwenda kujibanza nyuma ya tangi la maji mbele ya kwa Kinyozi. Siku hiyo mkewe hakuonekana kabisa. Alijibanza bure.

Na mmoja wa wale tisa ndiye mwekundu mwenye sikio lililokatika.

Jioni ile, chakula kilipowekwa mezani, Sindano alikaa akakiangalia tu.

"Kesho utaenda tena?" akauliza.

"Wapi?"

"Kumfunga yule bendeji."

"Nitaenda. Mtu ana jeraha."

"Hana dada?"

"Hana."

"Na mama yake je?"

"Alishakufa. Unataka tumfufue aje afunge kitambaa?"

Sindano akatafuna. Kichwani mwake kulikuwa na sauti moja tu, inasema kwa upole sana: nyamaza. Wewe hukumtuma mbwa. Hukumwambia Kinyozi apite kichochoroni. Kichaa kikimwanza mtu hakina dawa, kila mtu anajua, na hakuna atakayekuuliza wewe. Nyamaza tu, wiki zipite, pasi irudi kwenu.

Kwa muda wa tonge moja alimtakia mwenzake kifo, kwa moyo wake wote. Tonge liliposhuka, akajiogopa. Aliacha sahani, akaenda kunawa mikono, akainawa tena na tena mpaka mkewe akamuuliza kama kuna doa limemganda kwenye kucha.

Kesho yake, saa saba mchana, simu ikaingia kutoka sokoni. Mbwa analeta vurugu kwenye meza za nyama.

Wavu alikuwa amerudi kazini, anachechemea lakini hodari. Walipofika walikuta wachuuzi wamepanda juu ya meza, muuza nyama mmoja ameshika kigogo chake cha kukatia kama ngao. Chini yao mbwa mwekundu mwenye sikio lililokatika alikuwa akizunguka kwa miguu isiyomtii. Taya limelegea, mate yanamtoka kama uzi. Mara akauvamia mguu wa meza akauuma, akaung'ang'ania hadi fizi zikatoka damu.

"Tulia hapo," Wavu akamwambia Sindano. Akasogea hatua tatu, akarusha. Wavu ukatanda, mbwa akaviringika ndani yake. Wakamwinua kwa fimbo wakamtia kwenye kizimba.

"Haya, wataalamu!" muuza nyama akafoka kutoka juu ya meza. "Si mlisema wa kijani hana neno? Huyu ni wa rangi gani?"

Watu wakaguna. Wavu alichutama karibu na kizimba akiutazama ule mgongo wa kijani kwa muda mrefu, kisha akamwita mwenzake pembeni.

"Ndugu yangu, huyu ni wa Alhamisi ile nilipoteguka?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa peke yako."

"Ndiyo."

"Na wavu niliondoka nao mimi." Wavu akajifuta jasho. "Sasa huyu ulimshikaje?"

"Alikuwa amelala."

"Alikuwa amelala. Ukamchoma sindano, naye akaendelea kulala?"

Wamefanya kazi pamoja miaka minne, Wavu ana alama saba za meno mikononi, anajua mbwa anavyoipokea sindano.

"Mimi sisemi kitu," Wavu akasema taratibu. "Huyu nampeleka ofisini sasa hivi. Daktari ataupima ubongo wake, kisha atauliza. Nakuomba, kabla hajauliza, wewe uwe umeshasema. Na kama kuna mtu ameumwa naye, Mungu wangu, usikae hapa unanitazama mimi!"

Sindano alikimbia. Alipita katikati ya mikokoteni, akaangusha ndoo ya mtu, akatukanwa, hakugeuka.

Kwa Kinyozi alikuta kile kile alichokiogopa kila siku, yaani mkewe na Kinyozi chumba kimoja. Mkewe anapiga pasi suruali ya mteja, Kinyozi anafagia nywele. Wanaongea, na wanacheka.

Nusu ya moyo wake ikataka kurudi.

"Vaa viatu," akamwambia Kinyozi. "Twende kliniki."

"Wewe tena? Mke na mume mmeniandama! Si nimesema ana rangi?"

"Ana kichaa. Tumemkamata sasa hivi. Nimemwona mwenyewe."

Ufagio ukaanguka. "Kichaa? Si mlimchanja?"

"Chanjo..." Sindano akauokota ufagio. "Chanjo haishiki kwa kila mbwa. Inatokea. Vaa viatu, bwana."

Mkewe alikuwa amesimama na pasi mkononi, anamtazama mumewe alivyokuwa akisema uongo, na pasi imekaa juu ya suruali mpaka harufu ya kuungua ikaanza kupanda.

"Nakuja na nyinyi," akasema.

"Wewe baki. Una nguo za watu."

"Zimeshaungua," akajibu, akachomoa pasi.

Kliniki haikuwa mbali, walikwenda kwa miguu. Kinyozi anachechemea, mke amemshika kiwiko, na Sindano yuko nyuma yao kama mbeba mizigo. Kila walipovuka mtaro alihesabu vidole vya mkewe juu ya mkono wa yule mwanaume. Vilikuwa vitano. Havikupungua.

Nesi wa zamu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akafungua kitabu chake.

"Mbwa? Haya. Aliyeumwa ni nani?"

"Huyu," Sindano akasema.

"Na mimi," akasema mkewe.

Sindano akageuka polepole.

Mkewe alimkabidhi Kinyozi mkoba na simu aliyoishika, akashusha shingo ya gauni. Kwenye bega la kushoto, pale linapoanza kupanda kuelekea shingoni, kulikuwa na matundu manne ya meno yaliyoanza kufanya magamba. Siku tano mwanamke huyu alilala na gauni la mikono mirefu, akampa mumewe mgongo. Na mumewe, fundi wa kujua mambo, alishahitimisha kwamba mgongo huo una mwenyewe kwingine.

"Umefanya nini hapo?" akauliza.

"Mbwa alimrukia shingoni, kaka," Kinyozi akamjibia. "Yule yule. Mimi nilikuwa natoka kununua wembe, nikasikia shemeji analia. Nikampiga teke, akamwachia yeye akanishika mimi. Ametuosha wote wawili kwa sabuni bombani, robo saa nzima, halafu akaniapisha nisikuambie."

"Wewe," Nesi akamwambia Kinyozi, "acha hadithi, njoo tuuoshe mguu huo upya." Akamvuta hadi kwenye sinki, akafungua maji kwa kelele.

Mke na mume wakabaki kwenye benchi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza nilikuwa wapi."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya soko," mkewe akasema. "Nakufuata wewe."

Msomaji, hapo Sindano angepigwa na nyundo asingesikia.

"Mimi? Kwa nini?"

"Unajua kwa nini." Sasa alinong'ona, maneno yakamtoka upesi kama yaliyofungiwa muda mrefu. "Alhamisi ile nilifunga kazi nikakuletea chakula. Nikakukuta unawapulizia rangi mbwa waliolala, sindano hata hujaitoa kwenye boksi. Ukamwaga dawa ya watu mtaroni. Ukakimbia! Nikajiuliza, mwanaume mzima anakimbilia nini saa tisa mchana, mpaka aache kazi anayojisifia miaka yote? Nikapata jibu. Nikakufuata, ukanipotea. Nikasema nitarudi siku nyingine nikufumanie. Nikafumaniwa mimi na mbwa."

"Jibu gani ulipata?"

"Daktari wako."

"Daktari?"

"Daktari kasema hivi, Daktari kacheka, Daktari kanisifu. Kila siku mezani kwangu, Daktari. Mimi ulicheka nami lini?" Machozi yakamlenga, akayazuia kwa hasira. "Na bado nikakuficha. Ningekuja hapa siku ile, huyu mama angeandika kwenye kitabu mbwa ana rangi au hana, ungefukuzwa kazi kabla jua halijazama. Nikasema ngoja nione, labda mbwa ni mzima. Ngoja nione kama mume wangu atasema mwenyewe. Jana nilikwambia mbele ya Kinyozi, ukajibu 'pole'."

Sindano alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Wakati yeye amejibanza nyuma ya tangi akimvizia mkewe, mkewe alikuwa mitaani anamtafuta yeye. Wawili wanaviziana, na mbwa kapita katikati. Alimshika mkono.

"Nisikilize. Alhamisi ile mimi nilikuwa nakimbia..."

"Kimya hapo kwenye benchi!" Nesi akapaza sauti. Alikuwa amefungua jokofu dogo, ameinama, anahamisha chupa kutoka huku kwenda kule. Akanyooka na kiboksi kimoja mkononi. "Njooni wote. Nina habari, na si nzuri. Nimebakiwa na dozi ya mtu mmoja. Nyingine nimeagiza. Watasema kesho, watazileta keshokutwa. Nawajua."

"Sasa?" Kinyozi akauliza.

"Sasa kanuni ni kwamba jeraha la karibu na kichwa ndilo linaanza. Kichaa hupanda kama mgeni anayejua njia, kinatoka kwenye jeraha kinaelekea kwenye ubongo. La mguuni lina safari ndefu. La begani halina. Kwa hiyo dada, kaa hapa."

"Mpe yeye," mke wa Sindano akasema.

"Nini?"

"Mpe yeye. Asingepita pale asingeumwa. Kaumwa kwa ajili yangu. Mimi nitasubiri."

"Shemeji, hapana!" Kinyozi akaruka.

"Nimeshasema."

Alilisema kwa wepesi, kama anayempa jirani chumvi. Na hapa sitamficha Sindano, ingawa nimekuwa naye wiki nyingi na namwonea huruma. Kitu cha kwanza kumchoma hakikuwa hofu. Alikuwa mchanjaji, alijua vizuri kuliko wote mle ndani ugonjwa ule unamfanya nini mtu ukishaanza. Lakini wivu ulimtangulia. Anampa uhai wake, akawaza. Mimi ananipa mgongo, yule anampa uhai wake.

Hofu ikaja nyuma yake, nayo ilikuwa kubwa zaidi. Na pamoja na hofu likaja wazo.

Ofisini kuna akiba! Kwenye jokofu la Daktari huwekwa dozi tatu za wafanyakazi, ikitokea mmoja wao ameumwa kazini. Ufunguo anao Daktari mwenyewe, na halifungui mpaka aelezwe ni mbwa gani, yuko wapi, na kama ana rangi, aliipataje. Hakuna njia ya kuipata dozi ile bila kusema ukweli wote. Basi, akaamua. Kazi iende, jina liende, mke abaki.

"Mpe Kinyozi!" akamwambia Nesi kwa sauti kuu. Akachomoa simu yake, akatoka mbio hadi uani.

Ndivyo alivyofanya, mjinga yule. Maneno matatu tu yangetosha: "yako naifuata mimi." Hakuyasema. Hata usoni hakumtazama mkewe. Na alitoka nje kwa sababu moja, aliona haya kuungama mbele ya Kinyozi. Kazi alikuwa tayari kuipoteza, lakini sura mbele ya yule mwanaume hakuwa tayari.

Uani kulikuwa na mashuka yameanikwa. Akajificha kati yake, akaweka kiganja mdomoni.

"Daktari? Ni mimi."

"Sindano." Sauti ya Daktari ilikuwa kavu. "Wavu ameniletea mbwa hapa. Nakusikiliza."

"Sikumchoma. Sikuwachoma wote tisa. Niliwapaka rangi tu."

Upande wa pili kiti kikavutwa.

"Kwa nini?"

"Wivu, Daktari."

"Wivu? Wa nani?"

"Nitakueleza yote, utanifanya utakalo. Sasa hivi nahitaji dozi moja ya akiba. Mtu ameumwa begani, leo siku ya tano."

Daktari akavuta pumzi ndefu. "Wale wanane waliobaki nawatafuta leo hii na vikosi vyote, na wewe tutaonana baadaye. Dozi ipo. Njoo. Ila saa kumi natoka kwenda nao mitaani, na ufunguo naondoka nao."

"Nakuja sasa hivi. Nisubiri, tafadhali. Nisubiri, usiondoke!"

Sasa, msomaji, toka kwenye mashuka, simama mlangoni alikosimama mkewe. Umemsikia mumeo akisema "mpe Kinyozi" bila hata kukutazama. Umemfuata umuulize kwa nini, maana ulisema "mpe yeye" ukitumaini angalau mtu mmoja duniani atakataa. Unamkuta amekupa mgongo, amejificha, amefunika mdomo, anambembeleza mtu kwenye simu. Na sauti inayotoka kwenye simu ni ya mwanamke. Unaijua. Wewe ungefikiri nini?

"Kwa hiyo mimi nife," akasema nyuma yake, "ili uende ukakae naye."

Sindano akageuka, shuka likamnasa kichwani. "Siyo hivyo! Mke wangu, ni Daktari..."

"Najua ni Daktari!"

"Subiri nikueleze!"

"Mimi nilimpa Kinyozi kwa fadhila. Wewe ulimpa kwa sababu gani?"

Hakungoja jibu. Akapandisha shingo ya gauni lake juu ya jeraha, akajitupia nusu ya mtandio iliyobaki, akashika njia ya getini.

Sindano akaruka kumfuata, na wakati huo huo ndani kukasikika kishindo na kelele za Nesi.

"Wewe kaka wa nje! Njoo umshike mwenzio! Kaona sindano kaanguka, kanizibia mlango kwa miguu yake! Dawa nimeshaivuta, itaharibika!"

Kinyozi huyo, anayeshika wembe kwenye koo za watu tangu asubuhi hadi jioni, alizimia kwa sindano ndogo kuliko kibiriti. Sindano akatazama geti. Akatazama mlango. Mungu anisamehe, nadhani hata mimi ningesita. Akarudi ndani. Akapiga magoti, akakiinua kichwa cha adui yake, akakilaza mapajani mwake, akamshikilia mkono hadi Nesi alipomaliza. Haikuchukua hata dakika mbili.

Akatoka mbio. Barabara ilikuwa na watu wengi, wenye mikoba, wenye baiskeli, watoto wa shule wanaorudi. Aliangalia kushoto. Aliangalia kulia. Akapanda juu ya tofali la mlinzi wa geti, akatafuta ua la zambarau katikati ya vichwa vyote vile, hakuliona.

Simu mkononi mwake bado ilikuwa inaongea.

"Sindano? Upo? Sikiliza, dozi sikupi mkononi. Namchoma mimi mwenyewe, hapa. Mlete huyo mtu. Ni nani?"

"Ni mke wangu."

Ukavu wote ukamtoka Daktari. "Uko naye hapo?"

"Alikuwa hapa," Sindano akasema. "Alikuwa hapa sasa hivi."

Akakata, akaitafuta namba ya mkewe. Ikaanza kuita. Na mlio akausikia kwa masikio yake, si barabarani bali nyuma yake, ndani ya kliniki. Akarudi akiufuata hadi kwenye kitanda cha Nesi, alikolazwa Kinyozi, macho ndiyo kwanza yanafumbuka. Simu ilikuwa inaita kwenye mfuko wa shati lake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Mkewe yuko mitaani, meno ya mbwa mwenye kichaa begani mwake, hajui kwamba dozi yake ipo. Na hata hapo, msomaji, jambo la kwanza lililomjia Sindano kichwani halikuwa dozi wala saa kumi. Lilikuwa swali, nalo akalitamka kwa sauti, amemshika Kinyozi ukosi wa shati:

"Simu ya mke wangu inafanya nini mfukoni mwako?"